Lori Lililovuta Kulia

Vijana wangu wa uwanja wa ukaguzi, siku mliyoniaga mlitaka niseme machache kuhusu kazi, nami nikasema asanteni, nikaketi. Mmoja wenu alisema mzee ana unyenyekevu. Si kweli. Nilikuwa na jambo moja tu la kusema, na halikufaa kusemwa mbele ya soda na keki. Nimeliandika hapa nyumbani Kitendaguro kwa wiki kadhaa, na mtanisamehe kama linasomeka kama fomu. Mkono wangu umezoea fomu.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Nilipanda kama lori lenye shehena linavyopanda mlima, kwa gia ya kwanza, na wakati mwingine nikirudi nyuma.

Nilianza wakati wa Mwingereza, vita vya Hitla vikiwa vimekwisha na vijana wetu waliopelekwa kupigana Bama wamerudi na makoti ya jeshi wanayoyavaa hata kanisani. Karakana ya serikali mjini Bukoba ilikuwa banda la mabati lenye shimo moja la kukagulia magari, na mbele yake uwanja wa udongo mwekundu. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, najua Kiingereza cha vitabuni, nimevaa shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi mara mbili. Nilidhani nitaonyeshwa meza yangu. Fundi Kezironi akanipa ufagio.

Fundi Kezironi alikuwa Mganda wa Masaka, mtu mfupi mwenye vidole vinene, aliyetengeneza magari ya jeshi miaka yote ya vita. Hakujua kusoma zaidi ya jina lake na namba za spana.

"Fagia uwanja," aliniambia.

"Wote?"

"Wote. Ukimaliza, nyunyiza maji kidogo, ufagie tena."

Nilifagia wiki tatu. Siku niliyopanga kuacha kazi, aliniita nisimame kando, akapanda gari dogo la daktari lililoletwa kukaguliwa. Akalikimbiza katikati ya uwanja, akaachia usukani, mikono juu kama mtu anayejisalimisha, akakanyaga breki. Gari likasimama. Akashuka, akanionyesha ardhi. Kwenye ule udongo niliokuwa nimeulainisha kwa ufagio palikuwa na mikwaruzo miwili, mmoja wa gurudumu la kushoto, mmoja wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia kwa hatua nzima.

"Gari haliwezi kusema uongo kwenye udongo uliofagiliwa," alisema. "Dereva anaweza. Mwenye gari anaweza. Hata wewe na kalamu yako unaweza."

Hivyo ndivyo tulivyopima breki za mbele siku zile, kabla ninyi hamjaletewa mashine yenye mshale. Kwanza uwanja. Kisha jeki: unainua magurudumu ya mbele, mwenzako anakanyaga pedali nusu, wewe unazungusha kila gurudumu kwa mkono na kusikia lipi linakamata kwanza. Kisha unafungua ngoma ya gurudumu na kutazama viatu vya breki ndani yake. Kama ni vikavu upande mmoja na vimelowa upande wa pili, umeshapata jibu: mafuta ya breki yanavuja. Gari lenye breki za mbele zisizolingana husimama vizuri tu likienda polepole kwenye barabara tambarare, ndiyo maana watu hulidharau tatizo hilo. Shida ni siku ya mteremko, siku ya mvua, siku ya kukanyaga kwa nguvu. Siku hiyo gurudumu moja linashika na lingine linaendelea na safari, na gari zima linageukia upande ulioshika. Usukani hausaidii.

Nilijifunza kwa Fundi Kezironi miaka mitano. Nilimpenda kuliko nilivyompenda baba yangu, Mungu anisamehe, kwa sababu baba hakuwahi kuniamini na kitu na yeye aliniamini na daftari la ukaguzi. Kila fomu mle ilikuwa na namba na nakala mbili za karatasi ya kaboni. Yeye alikagua, mimi nikaandika. Baadaye nilikagua mwenyewe, naye akawa anatazama udongo na kutikisa kichwa tu, ndiyo au hapana.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Malori yalishuka kutoka Muleba na magunia mpaka bandarini Bukoba, na kila mwenye lori alitaka safari tatu mahali pa mbili. Asubuhi moja, kabla karakana haijafunguliwa, nilimkuta dereva mmoja amekaa kwenye jiwe langoni. Alikuwa Gaudensi, mtu wa Izigo, amenizidi umri kwa miaka kumi na zaidi, Mkatoliki wa kila Jumapili, asiyekunywa hata rubisi, pombe yetu ya ndizi, siku ya kazi. Siku za kazi alilala kwenye chumba cha kupanga huko Kashai. Tulijuana kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nimelikagua lori lake mara mbili au tatu.

Nilimsalimu kwa heshima ya Kihaya, "Ta Gaudensi, shikamoo. Mbona mapema?"

"Marahaba. Nestori, lori langu linakuja kwako leo kwa ukaguzi wa kawaida."

"Nimeona kwenye orodha."

Alitazama barabarani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Linavuta kulia. Nimemwambia tajiri mara nne. Anasema mimi naogopa, atamweka dereva mwingine. Nina watoto sita. Siwezi kulikataa mimi. Lakini wewe unaweza. Lizuie, tafadhali, waitu. Nakuomba ulizuie."

Katika kazi yangu nilizoea watu kuniomba nipitishe gari. Walinijia na kuku, na mikungu ya ndizi, na salamu za mchungaji. Huyu alikuwa wa kwanza kuniomba nizuie, na sikumpata mwingine wa pili mpaka nimestaafu.

Saa nne lori likaingia uwanjani. Nililiendesha mwenyewe. Nilipokanyaga breki liligeuka kulia kama ng'ombe aliyevutwa pembe, na nikashuka. Gurudumu la kulia lilikuwa limechimba mfereji. La kushoto halikuacha alama yoyote, udongo ulikuwa kama nilivyoufagia. Tukafungua ngoma ya kushoto. Ndani mlikuwa mmelowa mafuta, viatu vinang'aa kama sufuria ya kukaangia. Fundi Kezironi alichungulia, akatikisa kichwa, hapana.

Nikaandika: breki za mbele hazilingani, upande wa kushoto haufanyi kazi, gari lisitembee mpaka litengenezwe na kukaguliwa tena. Nikatia saini. Gaudensi alisimama kando ya boneti akijifuta mikono ambayo haikuwa michafu. Hakunishukuru mbele za watu. Alinitazama tu, nami nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Saa nane mwenye lori alikuja. Hakuniangalia, alipita moja kwa moja ofisini kwa Mzungu wetu, mkuu wa karakana. Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mbwa mzee aliyemlisha kwa mkono, na hakuwahi kutupigia kelele. Lakini meli ilikuwa gatini, kahawa ilikuwa Muleba, na mkubwa wake alikuwa amempigia simu kuhusu kahawa hiyo hiyo asubuhi ile. Waliongea muda wa kuvuta sigara moja. Kisha nikaitwa na daftari langu.

"Nestori," alisema kwa Kiswahili chake, "hii gari anaweza kwenda pole pole. Sisi tunatoa siku saba. Ndani ya siku saba yeye anatengeneza. Andika tena."

"Bwana, breki ya kushoto haipo kabisa."

"Nimesikia. Siku saba." Alichukua daftari, akaichana fomu yangu na nakala zake mbili, akazikunja, akazitia mfukoni mwa kaptula. "Andika mpya. Mwandiko yako ni nzuri."

Vijana wangu, hapa ndipo mngependa nieleze kwamba nilikataa. Au kwamba alinitishia. Hakunitisha. Hakusema nitafukuzwa, wala sikumwuliza. Nilikuwa na mke mwenye mimba ya pili na nyumba ambayo haijaezekwa upande mmoja, lakini hata hayo sikuyafikiria wakati ule. Nayafikiria sasa, ninapotafuta kisingizio. Ukweli ni kwamba aliniambia andika, nami nikaandika. Breki za mbele hazilingani, zirekebishwe ndani ya siku saba. Ilinichukua chini ya dakika moja. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Nilipotoka, Fundi Kezironi alikuwa mlangoni.

"Umeandika nini?"

Nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ufagio, akaenda kuufagia uwanja, ingawa hapakuwa na gari lingine siku hiyo.

Kwa Gaudensi nilikwenda mwenyewe na nakala yake. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori, anamenya chungwa. Nikamwambia, "Ta, wametoa siku saba. Nenda polepole." Aliipokea karatasi, akaisoma taratibu kwa sababu kusoma kulimpa taabu, akaikunja mara nne. Chungwa alilitia mfukoni bila kulimaliza. Akapanda, akawasha, akatoka getini kwa gia ya kwanza.

Siku ya nne mvua ilinyesha tangu alfajiri. Adhuhuri polisi walileta ujumbe kwamba ninatakiwa Izigo kukagua gari lililopata ajali. Sikuuliza gari gani.

Lori lilikuwa limetoka Muleba na shehena kamili. Kwenye mteremko kabla ya Izigo, mbuzi walivuka, na Gaudensi akakanyaga. Likavuta kulia. Upande ule wa kulia mzee mmoja alikuwa anapandisha baiskeli kwa mikono, imebeba mikungu miwili ya ndizi, na binti yake anaishika mikungu kwa nyuma isianguke. Walikuwa wanapeleka chakula msibani kwa jirani. Wote wawili walikufa pale pale, na jioni ile majirani wale wale walikuwa na misiba mitatu ya kulia.

Nilifanya kazi niliyoitiwa. Nilipima alama barabarani kwa utepe. Alama ya kulia ilikuwa ndefu, ya kina, imepinda mpaka kwenye migomba. Ya kushoto haikuwepo. Niliandika hivyo. Watu walikuwa wameifunika miili kwa majani ya migomba, na mwanamke mmoja alikuwa anaokota ndizi barabarani moja moja na kuzitia kwenye kikapu, na hakuna aliyemzuia. Gaudensi alikuwa amekaa chini kando ya askari, hana jeraha hata moja. Aliponiona aliinuka nusu, kama ilivyo desturi mtu anapopita, kisha akakaa tena.

Kesi ilisikilizwa Bukoba. Mwenye lori alikuja amevaa suti, akaeleza kwamba alimwagiza dereva wake apeleke gari kwa fundi ndani ya zile siku saba, na dereva akapuuza. Bwana wetu hakuitwa. Karatasi ilitosha, na karatasi ilikuwa na mwandiko wangu. Daftari lililetwa pia. Namba moja ya fomu haikuwemo, ilikuwa imerukwa kati ya gari lililotangulia na lori lile. Mtu yeyote aliyejua kuhesabu angeliona pengo lile. Hakimu alifunua ukurasa, akafunua mwingine, akalifunga daftari.

Nilipanda kizimbani kama shahidi. Hakimu aliuliza, mkalimani akatafsiri ingawa nilishaelewa.

"Breki zilikuwa mbovu?"

"Ndiyo, bwana."

"Dereva alijua kwamba ni mbovu?"

Nilimtazama Gaudensi. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Ndiyo, bwana. Alijua."

"Kwa hakika?"

"Kwa hakika."

Hakuniuliza alijuaje. Lau angeniuliza, labda ningesema kwamba alijua kwa sababu yeye ndiye aliyenijia asubuhi, akakaa juu ya jiwe, akaniomba nilizuie. Lakini swali halikuja, nami nikashuka. Jambo lililokuwa heshima yake ndilo nililomfungia. Kama asingejua, ingekuwa bahati mbaya. Kwa kuwa alijua, alipewa miaka mitatu.

Fundi Kezironi hakunilaumu siku ile wala siku nyingine. Aliendelea kuniita kazini, nipe spana ile, shika taa hapa, nyanyua. Ila hakunifundisha tena kitu. Nikiuliza, alijibu, "Wewe ni mkaguzi, tazama mwenyewe." Mwisho wa mwaka alichukua sanduku lake la vifaa na kurudi Masaka. Nilifika kazini Jumatatu nikakuta msumari aliotundikia koti lake uko mtupu. Nikawauliza watu wa stoo, wakasema alikwishaaga. Aliwaaga wote.

Mkewe Gaudensi, Ma Yustina, nilimtembelea mara moja wakati mumewe yuko jela. Nilichukua sukari na sabuni. Alinipokea kwa heshima niliyoshindwa kuibeba. Alinitandikia mkeka mpya, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama anavyopokewa mgeni wa maana.

"Ni wewe peke yako wa huko kazini uliyekuja," alisema. "Wengine wanaogopa kwamba balaa inaambukiza."

Nilitafuna kahawa yangu. Nilikuwa nimekwenda kumwambia. Niliyapanga maneno njia nzima kwa Kihaya, kwa sababu kwa Kiswahili yalisikika kama taarifa. Lakini mtoto wa kike aliingia na kuni, akapiga magoti kunisalimu, nami nikaona nimuulize anasoma darasa gani. Akasema ameacha shule. Basi nikaaga. Sikurudi tena, na sabuni ile sidhani kama ilimaliza mwezi.

Gaudensi alipotoka, leseni alikuwa amenyang'anywa. Nilisikia yuko Izigo analima kibarua kwenye vibanja vya migomba vya watu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kupata ujasiri. Nilikwenda kwa miguu kutoka pale basi liliponishusha, mchana, jua limewaka, nikamkuta kwenye migomba yake anapogoa majani makavu. Alikuwa amezeeka upande mmoja. Bega la kushoto lilikuwa limeinama. Tulisalimiana. Hakuonyesha kushangaa.

Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu fomu ya kwanza na ya pili, na mfuko wa kaptula, na kile kizimba. Nilisema haraka, nikiwa nimesimama, kofia mkononi.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Siku ile saa nne nilikuona ukiandika. Maandishi yalikuwa marefu, yalifika mpaka chini. Saa tisa ukaniletea karatasi yenye mstari mfupi." Alikata jani, likaanguka. "Na mahakamani lile daftari nililiona. Nilikuwa karibu na meza. Namba moja haikuwemo."

"Ulijua, Ta, na hukusema? Kwa nini hukusema? Ungewaonyesha pale pale!"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. Hapakuwa na hasira machoni mwake. Kama ingekuwepo ningeishika hiyo, ningekuwa na kitu cha kurudi nacho nyumbani.

"Ningemwambia nani, Nestori?" alisema. "Niliyemwambia ni wewe."

Akageukia mgomba mwingine, akaukagua kwa mkono kuanzia chini kwenda juu, akapogoa jani, akapogoa la pili. Kutoka nyumbani Ma Yustina aliita kwamba chakula kiko tayari. Gaudensi alifuta panga lake kwenye nyasi, akaniuliza kama nimekula.

Nikasema bado. Nikamfuata ndani, nikanawa mikono kwa maji aliyonimiminia mwenyewe, nikala chakula chake.